Suruali ya mvua ya pikipiki: igeuze ndani nje kabla hujalipa

Januari nilikuwa nakwenda Mpunguzi, huku kwetu Dodoma, kwa pikipiki kwenye kikao na wakulima wa zabibu, nimevaa suti ya mvua niliyoinunua siku nne kabla kwa shilingi 45,000. Mvua ikanikamata nusu ya safari. Nilipofika, koti lilikuwa limefanya kazi yake: mabega makavu, kifua kikavu, hata simu mfukoni haikuguswa na tone. Lakini nilipovua suruali ya mvua, suruali ya kawaida niliyovaa ndani yake ilikuwa imelowa chapachapa kuanzia chini ya kiuno hadi katikati ya mapaja, na hapo tu. Kila mwanamke anajua doa la namna hiyo linavyosomeka mbele za watu. Mama mmoja akavua kanga yake ya mabegani, akanifunga kiunoni, hakusema neno. Nikaendesha kikao chote nimesimama.

Baadaye maafisa ugani wenzangu wawili, mmoja yuko Bahi na mwingine Chamwino, wakanieleza yaleyale, tena kwa suti za aina nyingine kabisa. Ndipo nikaanza kupita madukani na kwenye mitumba nikikagua suruali moja moja. Humu sitazungumzia rangi, mifuko wala saizi. Nazungumzia mshono mmoja: ule wa katikati, miguu miwili ya suruali inapokutana.

Ukikaa kwenye pikipiki, mapaja na tangi hufanya bakuli. Maji yanayoteremka kifuani mwa koti huishia humo, upepo huyasukuma, na uzito wako huyakandamiza kwenye siti ambayo nayo imelowa. Chini ya bakuli hilo ndipo mishono minne inapokutana. Kila sindano ilipopita pana tundu. Kitambaa chenyewe kinaweza kuwa kizuri, hakipitishi kitu, lakini maji hayana haja na kitambaa wakati matundu yapo. Viwanda huyaziba kwa tepu inayobandikwa kwa joto upande wa ndani. Penye mshono ulionyooka tepu hutulia. Penye makutano hujikunja na kuacha upenyo, na kila unapopanda, unapopiga kiki au unapoteremsha mguu kwenye tope, ni palepale panapovutwa. Nimekuta suti ambazo tepu imepita mabegani, mikononi, hadi kwenye kofia, lakini pale katikati hakuna kitu, uzi mtupu.

Kuziba mwenyewe nimejaribu. Fundi pancha alinibandikia kipande cha tyubu kwa solusheni. Haishiki vizuri kwenye plastiki, wiki haikuisha kikabanduka.

Namba moja kwangu ni Helly Hansen, na sioni aibu kuipendelea. Ni kampuni ya Norwei. Mwaka 1877 nahodha Helly Juell Hansen na mkewe Margrethe walianza kutengeneza nguo za mabaharia kwa kitani kilicholowekwa kwenye mafuta ya mbegu za kitani, na hadi leo wanavalisha wavuvi na watu wa bandarini, watu ambao maji hayawajii kutoka juu peke yake. Suruali zao za kazi, kama ile wanayoiita Voss, mishono yake haikuachwa na matundu ya uzi: imeunganishwa kwa joto. Kitambaa kinavutika, kwa hiyo ukipanda pikipiki hakikubani. Mpya hapa sijaiona dukani. Yangu niliipata kwenye mitumba ya soko la Sabasaba kwa shilingi 30,000, ina nembo ya HH na kiraka kimoja gotini. Huu ni msimu wangu wa pili nayo na sijalowa pale hata siku moja. Ukiiona, usiende kuzunguka kwanza ndiyo urudi. Hutaikuta.

Ila mitumba nayo ina lake. Geuza upande wa ndani uukwangue kwa kucha. Ule utando wa ndani huzeeka kwa joto na unyevu. Ukiona unatoka kama magamba au unanata vidoleni, iache hata kama nembo inang'aa. Hayo yanazihusu pia jaketi za Gore-Tex, kitambaa chenye utando usiopitisha maji, zinazotoka kwenye mabelo. Kwa juu ni nzuri sana, nazipenda, lakini tepu zake zikishalegea, hapa sijapata fundi wa kuzirudisha.

Namba mbili ni suti nzito za PVC, yaani plastiki nene, zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, zile za njano au kijani wanazovaa watu wa migodini na wa usafi. Nyingi zimechomelewa kwa joto badala ya kushonwa. Zina joto, jua la Dodoma likitoka ghafla utatoka jasho mgongo mzima. Jasho nalivumilia. Chagua suruali yenye mikanda ya mabegani, inapanda hadi kifuani na maji ya koti hayapati pa kuingilia kiunoni. Miguu yake ivae nje ya gambuti, usiichomeke ndani.

Tatu ni suti za poliesta za vipande viwili, kama ile iliyoniaibisha. Zipo nzuri, kwa sharti kwamba tepu ipite katikati na pawe na kipande kingine cha kitambaa kilichoongezwa juu ya makutano. Poncho za plastiki na miavuli ya kufunga kwenye pikipiki nazipita: upepo wetu huu utaondoka navyo.

Kipimo changu ni chupa ya maji ya lita moja. Geuza suruali ndani nje, ishike kiunoni na miguuni ili pale katikati paning'inie kama bakuli, mimina maji yakusanyike hapo, kisha bonyeza kwa ngumi kutoka juu. Ikitoa jasho upande wa pili, umepata jibu. Na hapa ndipo ninapogombana na wauzaji. Dukani niliponunua ile suti, nilipoomba kuigeuza tu, bila hata maji, kijana aliniambia, "Dada, unanichafulia mzigo, imeandikwa haipitishi maji." Imeandikwa! Niliporudi nayo imelowa akasema nimeivaa vibaya. Suti ileile, rafu ileile, mwezi wa nane niliiona kwa shilingi 28,000. Wanajua kwamba mvua yetu karibu yote, milimita kati ya 500 na 600 kwa mwaka, inabanwa kati ya Desemba na Aprili, na kwamba mwenye pikipiki atakimbilia dukani siku ya kwanza akishalowa. Dereva wa bodaboda anayelala na njaa ili anunue suti ya 45,000 anastahili kuonyeshwa mshono kabla ya kutoa hela yake.

Kwa hiyo nunua wakati wa Nane Nane, watu wamejaa vumbi kwenye viwanja vya maonyesho Nzuguni na hakuna anayewaza mvua. Beba chupa yako. Muuzaji akikataa maji, mwombe basi akuache uigeuze na kuangalia kwa macho, na akikataa hilo pia, mrudishie suruali yake mkononi uondoke.