Bomba la majitaka la inchi nne huku mlimani Igogo, Mwanza: nimelitumia mwaka na nusu, nawaambia nilichokiona

Watu wengi wananiuliza, hasa wa Mabatini na Kilimahewa kule juu, eti hili bomba la majitaka la inchi nne linalopita vichochoroni linafaa kweli au ni hela inapotea. Nimeona niandike mara moja maana nikijibu mmoja mmoja nasahau mengine. Mimi nakaa Igogo, kule ambako bodaboda anakushusha chini afu unamalizia kwa miguu, nyumba aliyotuachia marehemu baba, mimi na mama tuna vyumba viwili na vingine tumepangisha. Tulijiunga mwaka juzi wakati wa vuli, kwahiyo limeshapita masika mawili na hapo ndo utajua kama kitu cha maji ni cha kweli au sio.

Kwanza mjue tulikotoka. Kwetu ukichimba futi mbili tatu unagonga mwamba, sururu inaruka, basi hapo ndo mwisho wa shimo. Choo chetu kilikuwa kimejengwa kwenda juu, unapanda ngazi tano, chini yake karo la mawe limekaa juu ya jiwe tupu. Udongo wa kunyonya maji hakuna, kwahiyo kila mnachomwaga kinabaki humohumo, kaya nne, watu kumi na saba, choo kimoja. Gari la kunyonya halifiki, mpira wake hata nusu ya njia haufiki. Kuna mwaka tukawaita vijana wa usiku, wale Dar wanawaita vyura. Walikuja watatu na ndoo na madumu, mmoja akashuka ndani kabisa hana glavu wala buti, mimi ndo nilikuwa namshikia tochi. Nilikuwa naona mikono yake tu inatokea tunduni na ndoo, inarudi chini, inatokea tena, mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Akatoka akaomba maji ya kunawa na sabuni, akanawa kwa muda mrefu sana, hakuongea kitu. Tuliwalipa laki mbili na themanini. Miezi nane baadae choo kimejaa tena, na mama akasema sitaki mtoto wa mtu ashuke tena mule ndani.

Kikaja kile ambacho huku mlimani kila mtu anakijua na hakuna anayekisema, kutapisha. Mvua kubwa ikipiga usiku mtu anatoka anaondoa lile jiwe la chini la karo, kila kitu kinashuka na maji ya mvua, asubuhi hakuna ushahidi. Na sisi tulifanya, nakiri. Kinashuka wapi? Kwa jirani wa chini, mlangoni kwake, afu mtaroni, afu ziwani, na nyie wa Mabatini ni Mto Mirongo halafu ziwani vilevile. Na ziwa ndo hilohilo tunalokunywa jamani, maji ya mtambo wa Capri Point ni ya ziwa, mtambo mpya wa Butimba wa lita milioni 48 kwa siku nao unavuta ziwani, Mwanza nzima hatuna chungu kingine. Ndo maana kipindupindu kikiingia mji huu kinapenda kuja na mvua.

Haya, sasa bomba lenyewe. Majitaka ya kawaida yanataka barabara, mtaro wa kina kirefu, mashimo makubwa ya zege ambayo mtu anaingia. Huku hakuna barabara na hakuna mahali pa kuchimba kina. Hili la kwetu linaitwa mfumo rahisi, bomba ni jembamba, inchi nne, linapita uani na kwenye vichochoro kwa kina kifupi, penye jiwe kabisa limelazwa juujuu na kufunikwa zege, na badala ya yale mashimo makubwa kuna chemba ndogondogo unazofungua kwa mkono. Mlima wenyewe ndo pampu, yanateremka yenyewe mpaka kwenye bomba kubwa la chini na kutoka hapo yanapelekwa kwenye mabwawa ya Butuja kule Ilemela. Kwenye mabwawa ni muda na jua, uchafu mzito unatulia chini na bakteria wanaula, maji yanahama bwawa hadi bwawa, na jua na ule ukijani wa juu unaua vijidudu taratibu. Hamna mashine za ajabu.

Nilikuwa nadhani ni kitu cha kujaribia kwa maskini. Kumbe sio. Kilianzia mji wa Natal huko Brazili mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye mitaa iliyobanana kama yetu, na miaka ya 1990 Brasilia, mji mkuu wao, wakakitumia mpaka mitaa ya matajiri kwa sababu ni nafuu na kinafanya kazi ileile. Na kule Karachi, Pakistani, mtaa wa Orangi, toka mwaka 1980 mzee mmoja Akhter Hameed Khan aliwakusanya watu kichochoro kwa kichochoro, nyumba ishirini thelathini, wakachangishana na kuchimba mstari wao wenyewe, serikali ikabaki na bomba kubwa la nje. Hapa kwetu ule mradi wa maji na usafi wa Ziwa Victoria, LVWATSAN, uliingia na mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na shirika la maendeleo la Ufaransa, AFD. Nawatajia haya kwa sababu kuna mzee alitukatisha tamaa sana mtaani, anasema bomba jembamba hivyo haliwezi kubeba mavi ya mtaa mzima. Linabeba. Kinachohitajika ni maji na mteremko, na mteremko huku Mungu alitupa wa kutosha.

Gharama yetu ya ndani, kutoka chooni mpaka chemba: mabomba mawili magumu ya mita sita elfu tisini, sinki la kuchuchumaa elfu thelathini na tano, saruji mifuko miwili elfu thelathini na sita, mchanga pamoja na kuubebesha mpaka juu elfu arobaini na tano, elbo (kiungo cha kona) na tii (kiungo cha njia tatu) na gundi elfu ishirini na nne, fundi laki na ishirini. Jumla laki tatu na hamsini. Piga hesabu na ile laki mbili na themanini ya miezi nane. Malipo ya majitaka ya mwezi yanakuja kwenye bili hiyohiyo ya maji, tunagawana kaya nne na hakuna aliyewahi kulalamika.

Siku ya kwanza mama alimwaga ndoo moja, akaniambia kimbia kafungue chemba. Nikafungua, nikasikia kwanza, yani unasikia maji yanakuja kabla hujayaona, afu yakapita mbele yangu kama mkono mzima na chemba ikabaki safi imelowa tu. Nikamwita aje aone. Alisimama pale na kanga yake ameishikilia akasema "mwageni tena," tukamwaga tena. Zile ngazi tano tulizibomoa wiki iliyofuata, mama magoti yalikuwa yamechoka kuzipanda usiku.

Sasa matatizo, maana sitaki mtu ajiunge afu aseme sikumwambia.

La kwanza ni fundi. Wa kwetu aliweka elbo moja ya nyuzi tisini pale bomba linapokunja kona ya nyumba, na pale ndo palikuwa panaziba kila baada ya wiki mbili. Akaja fundi mwingine akaangalia tu akasema kona kali namna hii uchafu lazima ukae, weka elbo mbili za nyuzi arobaini na tano zikunje polepole, na katikati uweke tii yenye mfuniko ili siku ikiziba upitishe waya. Elfu ishirini na tano ikaisha kabisa. Kwahiyo mwambie fundi wako kabla hajamwaga zege, ukishamwaga ni kuvunja.

La pili ni vinavyotupwa. Bomba la inchi nne halina msamaha. Mara tatu nimefungua chemba nimekuta nepi, imevimba kama mto wa kulalia, na nyuma yake kila kitu kimesimama. Mara moja ilikuwa tambara la kudekia limejisokota na mchanga wa kuoshea sufuria. Hapa hamna cha kumlaumu mtu wa nje, ni sisi. Tulichofanya ni kuweka ndoo yenye mfuniko ndani ya choo kwa ajili ya pedi na nepi, na nikawaita wadada wote wapangaji tukakaa uani tukaongea bila kuoneana aibu, manake binti wa miaka kumi na minne hawezi kubeba pedi yake mkononi kupita mbele za watu uani, atatupa chooni tu, ungekuwa wewe ungefanya hivyohivyo. Tangu ndoo iwekwe haijaziba. Fundi analeta vifaa vyote ila hili hawezi kukuletea.

La tatu ndo lililoniuma. Vuli iliyopita jirani wa juu yetu alielekeza maji ya bati lake kwenye chemba, alichoka na maji kumwagika uani kwake. Mvua ya kwanza kubwa bomba likajaa, inchi nne ni ya choo haiwezi kubeba mvua, sisi tulio katikati hatukujua kitu, ila mama mmoja wa chini kabisa, mjane, mfuniko wa chemba yake ulinyanyuka na yote ya mtaa yakaingia sebuleni. Nilishuka asubuhi nikamkuta anatoa godoro nje. Godoro la wajukuu. Alinisalimia vizuri tu, "umeamkaje mwanangu," na mimi nikashindwa kuitika maana nilikuwa najua miaka mingapi ya nyuma tulikuwa tunatapisha juu yake tukirudi kulala. Tulikwenda na mjumbe kwa yule jirani siku hiyohiyo, kwa heshima, hakukataa, alikuwa hajui, akatoa bomba lake jioni na kesho yake akashuka mwenyewe na ndoo na sabuni kusafisha kwa yule mama. Sasa mjumbe anakagua kila kabla ya mvua kama kuna bati limeunganishwa.

Na kuna la maji. Mfumo huu unakula maji, usipomwaga ya kutosha uchafu unakauka njiani. Siku maji hayajapanda mlimani tunatumia ya kufulia, tunayahifadhi kwenye pipa karibu na mlango wa choo, ndoo nusu kila mtu. Kama kwako maji yanakuja kwa wiki mara moja na huna pipa, nunua pipa kwanza.

Kuna jambo moja zaidi. WHO na UNICEF walihesabu kwamba mwaka 2022 watu bilioni 3.5 duniani hawakuwa na choo kinachosimamiwa kwa usalama, yani ambacho uchafu wake unahifadhiwa au kutibiwa salama. Nilifurahi nikidhani sisi tumetoka kwenye hiyo bilioni 3.5. Nikasoma masharti, kumbe choo cha kuchangia kaya zaidi ya moja hakihesabiwi, hata kama kila tone linafika bwawani. Kwahiyo kaya zetu nne bado ziko upande ule. Naelewa sababu yao, choo cha kuchangia usiku binti anatembea gizani, foleni asubuhi, usafi wa kutegana. Ila mji huu uswahilini wapangaji ndo wengi, na nyumba ina choo kimoja, na tofauti kati ya choo chetu cha mwaka juzi na cha sasa ni ile sebule ya mjane kuwa kavu. Ningependa na hiyo ipate mahali kwenye hesabu. Sisi tunachanga sasa choo cha pili, sinki tumeshanunua, na kukiunga kwenye chemba ni hatua nne tu.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja imebaki kwa sababu kwenye mstari wetu nyumba kumi na moja zimejiunga na tatu za juu kabisa bado, mbili wenye nyumba wako mbali wanapokea kodi tu kwa simu, na moja ni bibi ambaye hana hiyo laki tatu na hamsini. Mvua ikinyesha usiku harufu ya kutapisha bado naisikia kutoka juu. Kama unataka kujiunga, usiende peke yako, zungumza kwanza na walio juu yako wote, uwe na mjumbe, mnunue mabomba pamoja maana duka linapunguza mkichukua mengi. Kwa bibi tumeshapata mabomba, yalibaki kwa yule jirani wa bati, na fundi wa elbo mbili amekubali kufanya kwa chakula na nauli. Tunaanza Jumamosi asubuhi, mwenye nusu mfuko wa saruji uliobaki nyumbani aniambie nije nichukue.