Kulipia faini za barabarani mtandaoni: kulipa ni rahisi, kupinga ni kazi

Kwa upande wa kupokea fedha, huduma hii haina dosari: nilijaza namba ya gari, deni likaonekana pamoja na picha ya kamera, na risiti ikafika kabla sijafunga ukurasa. Ugumu ulianza nilipotaka kupinga faini ya pili, kwa sababu fomu ya malalamiko imefichwa nyuma ya kurasa kadhaa, majibu huchukua wiki nyingi, na wakati huohuo adhabu ya kuchelewa huzidi kulimbikizwa juu ya faini ambayo tayari ni kubwa. Utaratibu wa namna hii unafanana zaidi na dirisha la kukusanyia mapato kuliko chombo cha usalama (nami, nakiri, nilichoka nikalipa). Shaka hiyo ina msingi: mwaka 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani iliripoti kwamba uongozi wa mji wa Ferguson, jimboni Missouri, uliwasukuma polisi na mahakama yake kutoza faini ili kujaza bajeti. Ufini, angalau, hupima faini za mwendo kasi uliokithiri kwa kipato cha mkosaji. Malipo nayapa nyota tano, rufaa, moja.