Flashi ya 35,000 iliyonifungia kazi yangu mwenyewe

Nilijipa wiki mbili hasira zipoe ndipo niandike. Hazikupoa, basi naandika nazo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari ya kata, huku juu Newala. Msimu wa korosho uliopita nilishuka Mtwara mjini kwa shughuli za kifamilia, nikapita kwenye steshenari moja karibu na soko kuu. Duka silitaji. Kwenye kioo walibandika tangazo: flashi ya mwalimu wa sayansi, vitabu, video na majaribio, haihitaji bando. Shilingi 35,000. Sikubisha bei. Mwalimu anayesimama chini ya mwembe na simu mkononi akitafuta mtandao ushike, halafu bando linakwisha video ikiwa nusu, ataelewa kwa nini nilitoa pesa palepale.

Na niseme haki: siku za mwanzo niliisifu flashi ile kwa kila mtu ofisini. Ndani kulikuwa na majaribio ya PhET, yale ya kwenye kompyuta yaliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, kule Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Shule yetu ina amita mbili, na moja mshale wake haujasogea tangu niripoti kazini. Kwa PhET mwanafunzi anaunganisha waya, betri na balbu kwenye kioo cha kompyuta, akikosea betri inawaka moto mbele ya macho yake na hakuna kilichoungua. Mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kidato cha Pili walikataa kutoka darasani kengele ilipolia. Nimefundisha miaka kumi na kadhaa, na hilo sikuwa nimeliona kwenye kipindi cha umeme.

Kulikuwa pia na kitabu cha fizikia cha OpenStax, wale wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, na Wikipedia ya Kiswahili nzima inayosomeka bila mtandao. Jioni moja mwalimu wa historia aliniomba kompyuta, akawaonyesha watoto mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, hapo Lindi tu, kati ya mwaka 1909 na 1913, ikapelekwa Berlin. Watoto wa kusini wanamwona mnyama wa kusini, urefu wake kwenda juu zaidi ya mita 13, amesimama kwenye jumba la Wajerumani. Tulinyamaza wote. Kwa jioni ile peke yake ningesema flashi inafaa.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Mabibo yakianza kudondoka huku kwetu, kabla watu wazima hawajayakamua kwa ajili ya uraka, pombe yake, mimi huwaagiza wanafunzi waje nayo darasani. Tunachoma bibo kwa msumari wa bati, ule uliopakwa zinki, upande mmoja, upande wa pili kipande cha waya wa shaba, tunapima. Bibo lina asidi, kwa hiyo umeme unapatikana, mdogo lakini upo. Ukiunganisha mabibo manne kwa mfululizo, kitaa chekundu kilichotolewa kwenye tochi mbovu kinawaka kwa mbali, inabidi ufunge madirisha ndipo ukione. Jaribio hili nililiandika mwenyewe, kurasa tano, Kiingereza cha mtihani upande mmoja na maelezo ya Kiswahili upande wa pili, michoro nilichora kwa mkono nikaipiga picha. Lilinichukua likizo nzima. Nikaliweka mtandaoni na kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa sayansi, na chini ya kila ukurasa niliandika jina langu na leseni ya Creative Commons: CC BY-SA 4.0. Maana yake chukua, tumia, badilisha, sambaza, taja tu nani aliandika, na ukilibadilisha liachie wengine kwa masharti yaleyale. Nilifanya hivyo kwa moyo wangu wote. Mimi mwenyewe nimefundisha kwa vitu vya watu waliotoa bure, na nilitaka mwalimu wa Liwale au wa Tandahimba apate cha kwangu bila kuniomba ruhusa.

Siku hiyo kompyuta yangu ilikuwa na nafasi ndogo, nilishafuta nakala zangu za zamani. Nikafungua flashi kutafuta jaribio lolote la betri ya matunda. Nikaliona: "Betri ya Mabibo". Moyo uliruka kwa furaha, nasema kweli. Nikajua kazi imefika. Nikafungua.

Michoro yangu. Kurasa zangu. Hata kosa langu la ukurasa wa tatu, pale nilipoandika shaba mahali pa zinki, lipo vilevile. Jina langu halipo. Mstari wa leseni umekatwa, na mahali pake imebandikwa nembo ya duka na maneno kwamba ni marufuku kunakili.

Nikasema sawa, tutayazungumza, kipindi kimeanza. Nikabonyeza kuchapa nakala ili kila benchi lipate yake. Programu ya flashi ikakataa. Nikajaribu kunakili maandishi, ikakataa. Nikajaribu kurekebisha lile kosa la ukurasa wa tatu, ikaandika kwamba muda wangu wa matumizi umekwisha, nilipe tena ili niendelee, kisha ukurasa wote ukafunikwa na rangi ya kijivu. Wanafunzi zaidi ya hamsini wananitazama, mabibo yanavuja juu ya meza, nzi wamejaa. Msichana mmoja wa benchi la mbele, ambaye kaka yake nilimfundisha kwa karatasi zilezile, akauliza, "Madam, si ni hii uliyotuchorea mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena, "Sasa mbona inakukatalia?"

Sikuwa na jibu. Nikafunga kompyuta, nikaandika hatua zote ubaoni kwa chaki, kutoka kichwani. Kipindi cha dakika themanini kiliishia kwenye kunakili. Kitaa hakikuwaka siku ile.

Jumamosi nikashuka Mtwara. Kutoka Newala asubuhi yote inaishia barabarani, na nauli si ya mchezo kwa mshahara wa mwalimu. Kijana wa kaunta umri wake ni wa mwanangu wa kwanza. Hakunipa hata shikamoo, macho kwenye simu. Nikamweleza taratibu. Nikamfungulia ukurasa kwenye simu yangu, wangu wenye jina na leseni, na wake wenye nembo. Akatazama kama mtu anayeangalia noti iliyochanika.

"Madam, vitu vya mtandaoni ni vya bure. Havina mwenyewe."

Nikamwambia hiki kina mwenyewe, ndiye mimi, nimesimama hapa.

"Sasa kama ni chako si ungekiuza?"

Watu wawili waliokuwa wanangoja kutoa kopi wakacheka. Nikamuuliza bosi wake yuko wapi. Akasema bosi hayupo, nikitaka kuendelea kutumia nilipe 15,000, au anaweza kunifungulia faili hilo moja kwa kuwa nimelalamika. Kunifungulia! Kama vile ananisaidia. Nilitoka pale nikitetemeka, nikakaa kwenye ukuta wa nje hadi nilipoweza kuongea na dereva wa bajaji.

Usiku ule niliandika ujumbe mrefu wa kuwaita wezi. Kabla sijautuma nikaamua kusoma leseni yenyewe neno kwa neno, si ile dondoo fupi tuliyozoea. Na hapa lazima niwatendee haki hata kama inaniuma. Leseni niliyoichagua mimi hairuhusu nichukie kuuzwa. CC BY-SA inamruhusu mtu kuuza. Wikipedia ni hivyohivyo, na kitabu kile cha fizikia cha OpenStax kina leseni ya kutaja jina tu, CC BY, nacho unaweza kukiuza. Anayetaka kuzuia biashara huongeza herufi NC, na mimi sikuziongeza. Kwa hiyo kijana kuuza flashi si wizi, na nimefuta neno hilo. Tena nikifikiria, kazi ya kupakua, kupanga na kutia kwenye flashi ili mwalimu wa kijijini asihangaike na bando ni kazi ya halali kabisa, 35,000 si nyingi. Ningelipa tena. Kwa hilo peke yake ningewapa alama za juu.

Lakini leseni hiyohiyo, mistari michache chini yake, inasema mambo mawili ambayo hayana mjadala. Jina la mwandishi libaki. Na usiweke masharti wala kufuli la kiufundi linalomzuia mwingine kufanya yale ambayo leseni inamruhusu. Si NC, si BY, si BY-SA, hakuna leseni ya Creative Commons inayokubali kufuli kama lile. Wao wamefuta jina, wakafunga, wakaandika marufuku kunakili. Niliposoma hapo hasira zilirudi zote na nyongeza, kwa sababu sasa nilijua kosa liko wapi hasa.

Walimu wenzangu wananiambia nimeshikilia kitu kidogo. "Si umeshalipata jaribio lako kwenye simu ya mtu?" Ndiyo, mwalimu wa kemia alikuwa nalo. Wasichokiona ni hiki. Vitu vya namna hii, vinavyotolewa huria, huitwa rasilimali huria za elimu, neno lililotungwa mwaka 2002 kwenye mkutano wa UNESCO, na mwaka 2019 nchi wanachama zilipitisha pendekezo zima juu yake. Bei ndogo ni sehemu yake tu. Kiini chake ni kwamba mwalimu anaweza kubaki na kitu, kukitumia, kukirekebisha, kukichanganya na cha mwingine na kukigawa. Bila kurekebisha, PhET isingekuwa na Kiswahili, maana waliotafsiri ni watu wa huku na huku waliopewa nafasi ya kutafsiri. Bila kurekebisha, zinki yangu itaendelea kuitwa shaba kwenye kila flashi ya mkoa huu, na mtoto ataiandika hivyo kwenye mtihani wa taifa. Kosa ni langu, nimeshalisahihisha upande wangu. Kwenye flashi siwezi kuligusa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko jina.

Ingawa jina nalo linauma, nisidanganye. Huku kwetu mwalimu wa kata haandikwi popote. Kurasa tano zile ndizo kitu pekee nilichowahi kukitoa duniani kikiwa na jina langu chini yake.

Kwa hiyo ninunue au nisinunue, mtaniuliza. Jana ningesema usiiguse. Leo asubuhi mwalimu mpya, kijana kutoka Masasi, hana kitu zaidi ya simu, kaniuliza swali hilo na nikashindwa kumkataza, kwa sababu kipindi chake cha kwanza cha umeme kiko wiki ijayo na PhET imo humo ndani. Nikampa njia nyingine: majaribio ya PhET unaweza kuyapakua moja moja ukapata mtandao mzuri siku moja mjini, yatafanya kazi bila mtandao siku zote, hayadai neno la siri wala malipo ya kurudia. Wikipedia isiyohitaji mtandao inapatikana kwa programu ya Kiwix, bure. Inachukua muda, bando kubwa, na uvumilivu. Ila kikiwa chako ni chako, na ukimpa jirani hakuna atakayekufungia. Tulikaa mpaka saa mbili usiku tukijaza flashi yake tupu.

Ujumbe wangu dukani niliutuma bila neno wezi. Niliwaeleza kwamba kwa toleo la 4.0 ukikiuka masharti haki yako ya kutumia inakatika yenyewe, lakini ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipojua kosa, inarudi yenyewe. Wamejua tangu Jumamosi ile. Leo mchana bosi amejibu, kwa adabu kuliko kijana wake, shikamoo mwalimu na pole nyingi. Anasema watarudisha jina langu kwenye toleo lijalo, hata kwa herufi kubwa nikitaka, ila mfumo wa kufunga ni wa flashi nzima, hawawezi kuutoa kwa ajili ya faili moja.

Nimemjibu kwamba herufi ndogo zinanitosha, na kwamba sikuomba la faili moja. Watoe kufuli lote. Zimebaki siku kumi na sita.