Raspberry Pi ipi ununue kwanza? Anza na chaja, bodi baadaye

Watu wengi wakitaka kuanza na hizi kompyuta ndogo za bodi moja wanakimbilia Raspberry Pi 5 yenye RAM kubwa kuliko zote, halafu wanaichomeka kwenye chaja ya simu na memori kadi ya bei ya kutupwa, ikianza kujizima zima wanasema Pi mbovu. Mara nyingi bodi haina shida kabisa, ni umeme. Kwa hiyo tenga kwanza hela ya chaja na kadi nzuri, ndo inayobaki ichague bodi.

Namba moja kwangu ni Pi 4 ya GB 2. Ilitoka 2019 lakini bado inafanya karibu kila kitu anachohitaji anayeanza, kujifunza Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) na Python (lugha ya kuandika programu), seva ya mafaili nyumbani, Pi-hole ya kuzuia matangazo nyumba nzima, au Kiwix kwa shule isiyo na intaneti, yaani Wikipedia ya Kiswahili unaiweka kwenye kadi ya kawaida tu na wanafunzi wanaisoma kwenye simu kupitia waifai inayotoa Pi yenyewe bila bando hata kidogo. Inataka volti 5 ampea 3 kwa USB-C, ambayo inapatikana, na hata kwenye betri ya sola ya volti 12 unaweka tu kishusha volti kizuri. RAM zaidi ya GB 2 usiihangaikie kama hutafungua brauza, hasa ukizingatia matoleo ya RAM kubwa yalipandishwa bei mwishoni mwa 2025 baada ya chipu za memori kupanda. Angalia tu waya wa monita, Pi 4 na Pi 5 zote zinatumia micro HDMI, sio ile pana ya TV.

Namba mbili ni Raspberry Pi Zero 2 W. RAM yake MB 512 tu, ilipotoka 2021 iliuzwa dola 15, na kwa kazi moja inayokaa inafanyika saa zote, mfano Pi-hole au kusoma sensa (vifaa vya kupima joto au unyevu) za banda la kuku au za bustani, sioni inayoishinda kwa hela hiyo. Ila haina tundu la waya wa netiweki, waifai yake ni ya 2.4GHz pekee kwa hiyo hotspoti ya simu lazima uiweke kwenye 2.4 la sivyo Pi haitaiona, na pini zake za kuunganisha sensa unalehemu mwenyewe usiponunua ile iliyokuja nazo.

Pi 5 naiweka ya tatu, na sio kwamba ni mbaya, ina kasi kweli na unaweza kuifungia SSD ya NVMe, yaani diski ya kasi. Tatizo ni kwamba inataka volti 5 ampea 5. Chaja ya laptop ya wati 65 unaona ni kubwa, lakini kwenye volti 5 nyingi zinatoa ampea 3 tu, wati zilizobaki zipo kwenye volti za juu ambazo Pi haizitumii. Ikipata ampea 3 itawaka, ila inabana umeme wa USB, diski ukichomeka inasumbua. Na joto la Dar mwezi wa pili bila feni yake itapunguza spidi yenyewe ukiipa kazi nzito. Kwa hiyo hesabu bodi, chaja ya wati 27, feni, kesi, ndo ujue bei halisi.

Ukifika hapo kwenye hesabu linganisha na mini PC iliyotumika, zile ndogo za ofisini za Dell, HP au Lenovo. Kama unataka kompyuta ya mezani ya kuandikia na kuangalia video, chukua hiyo, Pi achana nayo. Hiyo mini PC inakula umeme zaidi na haina pini za sensa, basi. Orange Pi, bodi za kampuni nyingine zinazofanana na hizi, ni za mwisho kwangu kwa anayeanza, bodi zina nguvu kwa bei yake lakini maelekezo ni machache na ukikwama utakaa peke yako. Na Raspberry Pi Pico ni kibodi cha kuendesha sensa na vifaa vidogo, sio kompyuta ya Linux, usiuziwe ukidhani ndo Pi ndogo.

Kadi chukua GB 32 ya kampuni inayojulikana, ikiwezekana zile za kamera za ulinzi maana zinavumilia kuandikwa sana. Feki zipo nyingi, imeandikwa 128 ndani kuna 8, kwa hiyo kabla ya chochote ijaribu na H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, zinaijaza kadi yote kisha zinasoma kama data imerudi ilivyo.

Kuseti ni rahisi. Daunlodi Raspberry Pi Imager, programu inayoandika mfumo kwenye kadi, kwenye laptop, chagua aina ya bodi yako, chagua Raspberry Pi OS Lite kama hutaki skrini (inaokoa bando sana), halafu kwenye mipangilio jaza jina la mtumiaji, paswedi, waifai pamoja na nchi yako, na washa SSH, njia ya kuingia kwenye Pi kwa kuandika amri ukiwa kwenye laptop. Hapo kwenye mipangilio usiruke, tangu 2022 hakuna tena yule mtumiaji wa pi mwenye paswedi ya kila mtu. Ikishawaka ingia kwa ssh, piga sudo apt update halafu sudo apt full-upgrade, kisha andika vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0 umeme wako uko sawa, ikileta namba nyingine mara nyingi ni umeme (joto pia linaweza kuileta), kwa hiyo badilisha chaja au waya kwanza kabla hujaendelea. Na ukizima tumia sudo poweroff, usichomoe tu, kadi nyingi zinakufa hivo, na kama kwenu umeme unakatika katika weka hata UPS ile ndogo ya ruta, ila hakikisha ina tundu la volti 5 lenye ampea za kutosha.