Mkesha wa Pasaka pale St. Joseph Posta: kama umefiwa mwaka huu, nenda

Nyota tano, na ningekuwa na sita ningetoa. Naongelea misa ya mkesha, ile ya Jumamosi Kuu usiku, kanisa kuu la Mt. Yosefu Dar, lile la Wajerumani lililomalizika 1902, linaangaliana na boti za Zanzibar. Watu wengi wanaijua Pasaka ya Jumapili asubuhi tu, nguo mpya, pilau, basi. Jamani mkesha ni kitu kingine kabisa.

Inaanza nje gizani na moto. Padri anabariki ule moto, anachukua mshumaa mkubwa wa Pasaka wenye Alfa na Omega na tarakimu za mwaka, anachomeka chembe tano za ubani kwa ajili ya madonda matano ya Yesu, ndo mnaingia nao kanisani taa zote zimezimwa. "Mwanga wa Kristo" inaimbwa mara tatu, na kila ukigeuka moto umeshapita kwa mtu mwingine mpaka kanisa zima linawaka kwa vimishumaa vidogo. Mimi nilikuwa nimemzika mama mwaka ule na kwa kweli maneno ya pole yalikuwa yameshanichosha, kila mtu anakwambia jipe moyo jipe moyo, lakini pale hakuna aliyeniambia nijikaze, tulisimama wote gizani kwanza, halafu mwanga ukaja wenyewe kutoka mbele, ukanifikia kwa mkono wa mtu nisiyemjua. Nililia sana na nikaamini tena kwamba mama hajapotea.

Masomo ya Agano la Kale yako saba, kuanzia uumbaji. Kanisa linaruhusu kupunguza ila lile la kuvuka bahari ya Shamu haliachwi kamwe, na ukilisikia usiku vile unaelewa kwa nini, maana wale watu nao walikuwa wamekwama, maji mbele Farao nyuma. Kuna parokia nyingine niliwahi kusali wanayakimbiza kama wanawahi daladala ya mwisho, inaua kila kitu. Ukipata mahali wanayasoma taratibu na zaburi zinaimbwa, shukuru.

Halafu Utukufu! Kengele zilizokaa kimya tangu Alhamisi Kuu zinapigwa zote kwa pamoja, taa zinawashwa, kwaya inalipuka, na Aleluya ambayo hukuisikia Kwaresima nzima inarudi. Sijui niielezeeje hiyo, inabidi uwepo. Baadaye wanabatizwa watu wazima na wote mnarudia ahadi zenu za ubatizo mkinyunyiziwa maji.

Ya kuzingatia: ni ndefu, kula kwanza, na wahi maana kunajaa. Joto la Posta mnalijua so vaa nguo nyepesi, na kwa vile ni masika beba mwavuli. Mshumaa wako uzungushie karatasi, nta inachoma vidole na kuharibu kitenge. Vile vioo vya rangi usiku huvioni, kwa hiyo kama unataka picha njoo siku nyingine, huu usiku simu iache mfukoni. Usafiri wa kurudi panga mapema na wenzako. Wenye watoto wadogo sana mkasali Jumapili asubuhi, ila mfiwa yeyote mnayemjua mleteni huku Jumamosi, hata kama hajakanyaga kanisani siku nyingi.