Kitulo: nilikosea mwezi mara ya kwanza

Mara ya kwanza nilipanda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwezi wa nane, nikarudi Mbeya nimenuna. Nyasi kavu, upepo unakata masikio, maua ya kuhesabu. Nikawaambia wenzangu kazini kwamba "Bustani ya Mungu", kama wenyeji wanavyoiita Kitulo, ni jina tu. Neno hilo nalifuta leo. Februari nimerudi na shangazi yangu, mzaliwa wa Matamba, karibu na hifadhi, na nimeona nilichokosa.

Tulipitia Chimala. Pale unaacha lami ya barabara kuu ya kwenda Zambia unaanza kuukwea mlima kwa zile kona 57, ndiyo maana wenyeji wanaiita Hamsini na Saba. Nilikuwa nimekodi gari nikaahidiwa la kupanda milima, kikaja kigari cha chini. Katikati ya kona, kwenye tope, kikaanza kurudi nyuma na pembeni ni bonde tupu. Tukashuka kutafuta mawe ya kuzuia matairi, shangazi na miaka yake sitini na kitu akibeba jiwe kifuani. Bado inaniuma. Lione gari kwa macho yako kabla ya kulipa, liwe refu na linalovuta matairi yote manne, hasa masika.

Lakini nenda masika hivyo hivyo! Kuanzia Desemba hadi Aprili ndipo uwanda unapochanua. Uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo beba koti zito na buti. Ukungu ukishuka unaloana bila hata mvua kunyesha. Ukungu ulipoondoka, mbele yetu kukawa na bonde zima la njano na zambarau, na katikati yake maua marefu yenye vichwa vyekundu vinavyomalizikia njano kama mienge.

Mwongoza wageni wetu, kijana mpole, alimwamkia shangazi, kisha akatuambia, "Mama, hapa tusiharakishe. Tupige magoti." Tukapiga magoti kwenye nyasi mbichi. Kumbe nilikuwa nazikanyaga okidi! Nyingine ndogo kuliko ukucha, nyeupe yenye madoa, mdomo umechongoka kama wa mdudu. Kitulo ina aina za mimea zaidi ya 350, na okidi peke yake ni aina 45 hivi. Tulitumia karibu saa nzima mahali pasipozidi ukubwa wa uwanja wa mpira, na sikuchoka.

Hapo ndipo shangazi alipoanza kusimulia kikande, yaani viazi vya okidi vinavyoliwa. Utotoni walichimba viazi vya hizo okidi, wachuuzi wakavipeleka Tunduma na Zambia, ambako huko huviita chikanda: vinatwangwa, vinapikwa na karanga mpaka vishikane, vinakatwa vipande. "Hatukujua, mwanangu," aliniambia. Ukishachimba kiazi, mmea umekwisha. Biashara hiyo ilipokua, maua yakawa yanatoweka, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya uwanda huu kufanywa hifadhi mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Alilishika ua moja kwa vidole viwili, bila kulichuma, akakaa kimya muda mrefu.

Anayetaka simba na tembo aende Ruaha. Sisi tuliona tohe, aina ya swala, kwa mbali na ndege mmoja mkubwa, tandawala, akitembea nyasini. Kipunji, yule nyani wa misitu ya Livingstone na Rungwe, hatukumwona.

Mwongozaji mchukue hata kama unaijua njia. Bila yule kijana ningepiga picha za mbali nikaondoka. Na lala Matamba usiku mmoja, usilazimishe kwenda na kurudi siku moja. Sisi tuliondoka saa tisa alasiri kwa kuogopa zile kona gizani, na jua ndiyo kwanza lilikuwa limetoka juu ya maua. Shangazi ameshaniuliza mara mbili kama Desemba nitapata likizo.