Manjano, selulosi na wanga: dawa za mimea za kuzuia utumbo kushikana zinapimwaje?

Mtu aliyetoka kupasuliwa tumbo, awe wa kidole tumbo, uvimbe au uzazi, akiuliza kwenye maduka ya dawa za asili ya Mtwara au Lindi hakosi kushauriwa manjano yenye pilipili manga, tangawizi kavu au asali. Ahadi ni moja: "Kunywa hii, mama, utumbo usishikane." Tumeipima ahadi hiyo kwa maswali mawili. Kiambato kinafika wapi? Na kinafika lini?

Swali la pili ndilo zito. Utando laini unaofunika utumbo ukikwaruzwa na gozi kavu (kitambaa cha kufyonzea damu), ukikaukia hewani au ukibaki na damu, hutoa majimaji yenye faibrini, nyuzi zilezile zinazogandisha damu. Ndani ya saa chache nyuzi hizo hunatisha utumbo kwa utumbo, au utumbo kwa mji wa mimba, au kwa ukuta wa tumbo. Kwa kawaida mwili huziyeyusha kwa kimeng'enya kiitwacho plasimini, ila palipoumia na kukosa damu ya kutosha kazi hiyo hulegea. Faibrini ikidumu hadi siku ya tatu au ya tano, chembe zinazotengeneza kovu huingia na kuanza kufuma kolajeni, nyuzi ngumu za kovu. Kufikia siku ya saba hivi utando umeshajifunika upya, na kilichonata kimenata. Baadaye mishipa ya damu huota humo, hata ya fahamu.

Kwa hiyo dawa yoyote ya kuzuia ina wiki moja tu ya kufanya kazi. Anayeanza kunywa unga baada ya kutolewa nyuzi za jeraha amekuta kovu limeshafumwa, na hakuna mmea uliothibitishwa kulifumua.

Tuanze na manjano, maana ndiyo yenye sifa kubwa. Sifa hiyo haikutoka hewani: kurkumini, rangi yake ya njano, hupunguza uvimbe, na kwenye panya waliokwaruzwa utumbo kwa makusudi imepunguza kushikana. Tatizo ni safari ya kutoka mdomoni hadi kwenye utando wa tumbo. Unga wa manjano una kurkumini takriban asilimia 3, kwa hiyo kijiko cha gramu 3 kinabeba kama miligramu 90. Watu waliopewa gramu 8 za kurkumini safi kwa siku walionekana na kiasi kidogo mno katika damu. Ukitaka gramu 8 hizo kutoka kwenye unga wa sokoni, utakula zaidi ya robo kilo kwa siku moja.

Pilipili manga inaongezwa kwa sababu ya kweli. Jaribio la 1998 lilionyesha kuwa miligramu 20 za piperini, kiambato kikali cha pilipili hiyo, huongeza ufyonzwaji wa kurkumini karibu mara 20. Lakini piperini hufanya hivyo kwa kupunguza kasi ya ini na utumbo kuvunja dawa, na haichagui. Anayetumia fenitoini ya kifafa anaweza kujikuta na dawa nyingi kuliko alizoandikiwa. Kuna na hatari nyingine ambayo wauzaji hawaitaji: manjano, tangawizi na vitunguu saumu kwa dozi kubwa hulegeza kuganda kwa damu. Mgonjwa aliyekunywa wiki nzima "kujiandaa" anaweza kuvuja damu mezani, na damu inayobaki tumboni ndiyo mbolea ya kushikana. Acha vidonge na unga wa dozi wiki mbili kabla ya upasuaji, na umwambie mtu wa dawa za usingizi ulichokuwa unatumia. Mchuzi wenye binzari hauna neno.

Hukumu yetu kwa manjano, tangawizi na asali: chakula kizuri, dawa isiyothibitishwa kwa binadamu kwa kazi hii. Asali nayo imepimwa kwa panya kwa kupakwa ndani ya tumbo, na hilo halimruhusu mtu kumwaga asali ya sokoni kwenye kidonda cha operesheni. Resveratroli ya zabibu na kolchisini, inayotokana na ua la Colchicum autumnale, ziko kwenye kundi hilohilo la panya. Hiyo ya mwisho ni sumu kwa dozi ndogo. Asiwepo wa kuijaribu nyumbani.

Sasa zile zinazostahili nafasi, na hizi wagonjwa wengi hawajui kuwa zimetokana na mimea, zote au kwa sehemu. Hazinywewi. Mpasuaji huziweka kwa mkono wake kabla ya kufunga tumbo, yaani mahali penyewe na saa yenyewe.

Interceed ni kitambaa chembamba cha selulosi, kitu kinachojenga kuta za chembe za pamba na za mti, kilichobadilishwa kikemia ili mwili ukiyeyushe. Kipande ni takriban sentimita 7.6 kwa 10.2. Hutandikwa tabaka moja juu ya palipokwaruzwa, kingo zikivuka kidonda kidogo, kisha hulowanishwa kwa matone ya maji ya chumvi. Ndani ya saa 8 hivi huwa kama ute, na ndani ya wiki nne kimetoweka. Udhaifu wake ni damu. Kikitandikwa pakiwa bado panachuruzika hugeuka cheusi na kinga yake hupotea. Hapo dawa ni kukitoa, kuzuia damu kabisa, na kuweka kipya. Kukiacha kwa kuona uchungu wa gharama ni kupoteza vyote viwili.

Seprafilm huchanganya selulosi iliyobadilishwa na asidi ya hayaluroni, aina ya ute unaopatikana pia mwilini. Ni karatasi ngumu inayovunjika kama chapati iliyokauka, na hunasa papo hapo kwenye glavu mbichi. Katika joto na unyevu wa pwani yetu hilo si jambo dogo: pakiti isifunguliwe mapema, glavu zikaushwe, karatasi ikatwe vipande vidogo na ishushwe ikiwa bado ndani ya kishikio chake. Hugeuka ute baada ya saa 24 hadi 48 na kukaa karibu wiki, muda uleule tunaouhitaji. Isizungushiwe mahali utumbo ulipounganishwa, kwani imehusishwa na kuvuja kwa mshono. Jaribio kubwa lililochapishwa 2006, lenye wagonjwa zaidi ya 1,700 waliokatwa utumbo, lilikuta kuziba kwa utumbo kwa jumla hakukupungua, ila kuziba kwa kushikana kunakohitaji kupasuliwa tena kulishuka kutoka asilimia 3.4 hadi 1.8. Faida ni ndogo, lakini imepimwa kwa watu. Kati ya zote, hii ndiyo tunayoiamini zaidi.

Adept ni maji yenye ikodekstrini asilimia 4, inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi. Mpasuaji husafisha nayo, angalau mililita 100 kila nusu saa, na mwishoni huacha lita moja tumboni ili utumbo uelee kwa siku tatu au nne bila kugusana. Ushahidi wake hautulii. Majaribio mengine yalionyesha nafuu, mengine hayakuona tofauti na maji ya kawaida ya dripu. Isitumike penye usaha, wala kwa mwenye mzio wa wanga wa mahindi. Na jambo la kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye faili la mwenye kisukari: ikivunjwa mwilini hutoa sukari iitwayo maltosi, na baadhi ya vipimo vya sukari vya kidoleni huisoma kama glukosi. Kipimo kinasema sukari iko juu, muuguzi anachoma insulini, na sukari ya mgonjwa inashuka mno hadi anazimia. Sukari ya huyo ipimwe maabara.

Inatugusa kwamba wanga huohuo wa mahindi, ukiwa unga mbichi ndani ya glavu, ulikuwa chanzo cha kushikana. Chembe zake zikibaki tumboni huamsha uvimbe na vinundu. Marekani ilizipiga marufuku glavu zenye unga mwanzoni mwa 2017. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bidhaa ya bei, ulizia glavu zisizo na unga. Ulizia pia kama gozi zitalowanishwa, kama damu iliyoganda itaoshwa na kufyonzwa, na kama kazi hiyo inaweza kufanywa kwa matundu madogo badala ya mpasuo mrefu. Haya huzuia zaidi kuliko chupa yoyote.

Anayeishi Liwale, Newala au Tandahimba ajue mapema dalili za utumbo kuziba kwa kushikana, maana safari ya kufika penye chumba cha upasuaji inaweza kuwa ndefu na masika huirefusha. Maumivu yanayokuja kwa mawimbi, tumbo kujaa, kutapika nyongo ya kijani, choo na ushuzi kukata: hapo usinywe mafuta ya nyonyo wala dawa ya kuharisha, na usipige bomba la mitishamba. Utumbo uliofungwa ukilazimishwa kusukuma unaweza kutoboka. Acha kula, anza safari siku hiyohiyo, na ukifika mwambie daktari kwanza kabisa kwamba umewahi kupasuliwa, hata kama ni miaka 10 iliyopita.

Na ikiwa mojawapo ya bidhaa hizi imewekwa, omba jina lake na mahali ilipowekwa viandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Mpasuaji atakayelifungua tumbo hilo mara nyingine, hasa mama wa uzazi wa kisu cha pili au cha tatu, atajua aanzie wapi.